Hatukushuka Korongoni



Wapendwa wanaparokia, Jumamosi iliyopita niliandamana na vijana wetu hadi Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha. Tulikwenda kwa mafungo ya siku moja ya Kwaresima, na kilele cha mafungo hayo kilikusudiwa kuwa Njia ya Msalaba, ambayo vijana walipanga kuisali ndani ya korongo la Ol Njorowa: kituo cha kwanza pale watu wanapoanza kuteremka, na cha kumi na nne penye chemchemi za maji moto. Walikuwa wamejiandaa kwa miezi miwili. Walichanga, wakauza mandazi baada ya Misa ya pili, wakachonga msalaba wa mti kwa mikono yao. Tulifika, tukasimama ukingoni, lakini hatukushuka korongoni. Tangu Jumapili nimeulizwa na wazazi, na vijana wenyewe, na mjumbe mmoja wa Baraza la Parokia, kwa nini fedha za watu zilitumika kwenda kutazama bonde kutoka juu. Naandika tafakari hii ili nijibu, maana naona swali hilo ni zito kuliko safari yenyewe.

Kwa wale ambao hawajafika huko, niseme kwanza mahali penyewe palivyo. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1984, nayo ni ndogo, kama kilomita 68 za mraba tu. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli huku pundamilia, twiga na swara wakimtazama kana kwamba yeye ndiye mgeni, na kweli ndiye. Pande mbili za barabara husimama kuta za majabali mekundu, na katika nyufa zake tai na mbayuwayu hujenga viota vyao. Karibu na lango umesimama mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower, uliopewa jina la mpelelezi Mjerumani aliyepita huko mwaka 1883. Wamaasai husimulia kwamba ni binti aliyekuwa akisindikizwa kwenda kuolewa, akageuka nyuma kuyatazama makazi ya wazazi wake, akawa jiwe. Vijana wetu waliposikia hayo walimkumbuka mara moja mke wa Lutu. Niliwaambia kwamba hekima ya kutogeuka nyuma haikupewa taifa moja tu.

Korongo lenyewe lilichimbwa na maji. Zamani sana, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa mara nyingi kuliko tunavyoliona leo, maji yake yalitafuta njia ya kutokea upande wa kusini, yakaukata mwamba laini wa majivu ya volkeno, tabaka baada ya tabaka. Ukisimama ukingoni unaziona tabaka hizo zimepangana kama kurasa za kitabu kikubwa: nyeupe, kijivu, kahawia, na hapa na pale mng'ao wa kioo cheusi cha volkeno. Kuna mahali kuta zinakaribiana kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anazigusa zote mbili. Kuna mahali maji ya moto yanachuruzika kutoka mwambani. Mbele, juu ya vilima, mvuke mweupe unapanda kutoka Olkaria, ambako kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi kilianza kufanya kazi mwaka 1981. Leo takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi yetu hutokana na joto la ardhi, na sehemu kubwa yake hutoka Olkaria. Taa inayowaka mbele ya sanamu ya Bikira Maria katika kanisa letu yawezekana inawashwa na pumzi ya vilima vile. Wazungu wapelelezi walipaita mahali hapo Lango la Jahanamu. Mimi, niliposimama pale asubuhi ile, niliona mlango wa sakristia ya Muumba.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kimaasai aliyekulia jirani na mbuga. Tulipokwisha kusali sala ya mwanzo, na vijana wamekwisha kuuinua msalaba, yeye alikuwa akitazama upande wa magharibi. Juu yetu anga ilikuwa safi na jua lilikuwa kali. Kule mbali, juu ya vilima, palikuwa na wingu moja zito, jeusi chini yake. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Padri, leo hatushuki."

Mwenyekiti wa vijana akamsikia. Ni kijana mwema, mcha Mungu, msomaji wa kwanza wa Dominika. Akasema, "Lakini kaka, hapa hakuna mvua." Kiongozi akajibu, "Hapa hakuna. Kule ipo." Mwenyekiti akanigeukia: "Padre, sisi hatukuja kutalii. Tumekuja kusali Njia ya Msalaba. Mungu hawezi kutuacha tukiwa katika sala. Atatulinda." Wengine wakaitikia, "Amina!"

Wapendwa, nawakiri ninyi, ndugu zangu, kwamba moyo wangu ulikuwa upande wa vijana. Nilijua jinsi walivyohangaika. Nilijua wangenishangilia nikisema, "Haya, twende kwa imani." Paroko naye ni mtu, naye hupenda kupendwa. Kwa muda wa dakika nzima nilitafuta maneno ya kumshawishi yule kijana atupeleke japo nusu ya njia. Ndipo nikakumbuka kwamba siku sita tu kabla yake, Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, nilikuwa nimesimama altareni nikihubiri juu ya majaribu ya Bwana wetu jangwani.

Kumbukeni Injili ile katika Mathayo sura ya 4. Ibilisi anamweka Yesu juu ya kinara cha Hekalu na kumwambia ajitupe chini. Wala hamwambii amkane Mungu. Anamwambia amtumainie Mungu! Anamtajia hata Zaburi ya 91, ile ya malaika wanaompokea mwenye haki mikononi mwao. Hilo ndilo jaribu lililovaa kanzu na kushika rozari. Yesu analikataa, akisema kwamba Maandiko yanakataza kumjaribu Bwana Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2119, inalitumia tukio hilo hilo kutufundisha kwamba ni dhambi kuupima wema na uwezo wa Mungu kwa maneno au kwa matendo, kana kwamba anadaiwa kutuonyesha kuwa yupo. Na hivyo ndivyo tulivyotaka kufanya: kushuka katika njia ya maji huku tukijua kwamba maji huenda yanakuja, kisha tumwachie Yeye kazi ya kuyazuia.

Pengine mtu atasema, Padre unakuza jambo. Basi nieleze jinsi korongo lile linavyoua. Udongo wa volkeno uliokauka katika miteremko hauwezi kunywa mvua kubwa inayoshuka kwa ghafla. Maji hutelemka juu juu, kila kijifereji kikipeleka kwa kingine, mpaka vyote vinaingia katika mfereji mmoja mwembamba wenye kuta ndefu. Mvua yenyewe inaweza kunyesha kilomita kadhaa kutoka mahali uliposimama, wewe ukiwa juani, mchanga umekauka chini ya viatu vyako. Kisha unasikia mngurumo. Wakati huo kuta zinazokupendeza ndizo zinazokuzuia kupanda. Mwezi Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa moja walifariki humo, wakiwa katika matembezi kama yetu. Septemba 2019 watu wengine saba walisombwa na maji, miongoni mwao kiongozi aliyekuwa akiwaongoza, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likalazimika kulifunga korongo.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Siwataji marehemu hao ili kuwahukumu. Katika Luka sura ya 13, Bwana wetu alizungumzia watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Wale vijana saba wa mwaka 2012 walikuwa watoto wa wazazi kama ninyi, wakiimba nyimbo kama zetu. Pengine hawakupata mtu wa kuwaonya kwa wakati. Sisi tulimpata. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo inayotuongezea wajibu.

Basi nikasema, "Hatushuki." Palikuwa na ukimya mbaya. Tulisali Njia ya Msalaba huku juu ukingoni, tukitembea kutoka mwamba hadi mwamba, tukiutazama mfereji ule kwa chini. Wengine walisali kwa machozi ya uchungu, wala si uchungu wa Mateso ya Bwana. Tulipomaliza, kukatokea neno jingine. Mweka hazina alisema kiongozi asilipwe, kwa sababu hakutuongoza popote. Nikamtazama yule kijana wa Kimaasai. Hakusema neno. Nikatambua jambo ambalo sikulifikiria mwanzo: yeye aliposema hatushuki, alijua kwamba huenda anaitupa riziki yake ya siku hiyo. Angaliweza kunyamaza na kutupeleka. Alichagua uhai wa wageni asiowajua badala ya ujira wake. Nikampa malipo yake yote, na shukrani juu yake. Kama kuna mtu aliyeibeba Injili mlimani siku ile, sidhani kwamba ni mimi.

Tena, msidhani kwamba kisa hiki kina mwisho wa ajabu. Hatukusikia mngurumo wowote. Tulikaa ukingoni mpaka saa tisa alasiri, na mfereji ulibaki mkavu vile vile. Lile wingu lilisogea, likatawanyika. Tulipokuwa tukipanda gari, kijana mmoja aliniambia kwa upole, "Padre, umeona? Hata tone." Nami sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata baadaye, nalo ndilo ninalotaka mlichukue juma hili. Busara haina ushahidi. Mtu mzembe akinusurika, hupata kisa cha kusimulia na hudhani Mungu amemthibitisha. Mtu mwangalifu akinusurika, hana cha kusimulia, na watu humwona mwoga. Mama anayemzuia mwanawe asipande gari lililojaa kupita kiasi hatajua kamwe kama gari lile lingepinduka. Mwalimu anayeondoa vyuma dirishani mwa bweni na kuufungua mlango wa pili hatajua kamwe ni watoto wangapi amewaokoa, kwa kuwa moto hautatokea, au ukitokea wote watatoka. Kanisa linaiweka busara ya kwanza kati ya fadhila kuu nne, pamoja na haki, nguvu na kiasi, na Katekisimu inasema ndiyo inayoziongoza nyingine. Lakini ni fadhila isiyopigiwa makofi. Labda ndiyo sababu inatufaa wakati wa Kwaresima, majira ambayo Bwana anatuagiza kufunga na kusali pasipo kutafuta kuonekana na watu.

Kuna wanaouliza: je, imani si ujasiri? Mashahidi wa Uganda hawakwenda Namugongo kwa kupima wingu. Ni kweli. Lakini hawakuutafuta moto ili wauone. Walipewa kuchagua kati ya Kristo na uhai wao, wakamchagua Kristo. Sisi Jumamosi hatukuambiwa tumkane mtu. Tuliambiwa tusali mita hamsini juu zaidi. Mwenye kuyaingia maji ya mafuriko ili kumtoa mtoto wa jirani ana upendo, na hata akifa Mungu anajua jina la tendo lake. Mwenye kuyaingia ili picha ipendeze, au kwa sababu fedha zimekwisha kulipwa, au kwa sababu anaona haya kurudi nyuma mbele ya wenzake, asilitumie jina la imani kuifunika aibu yake.

Na nina neno kwa ajili yetu sote, nikianza na sisi mapadri. Tumezoea kusema makaburini, "Ni mapenzi ya Mungu." Nimeyasema mwenyewe, tena mbele ya majeneza mafupi. Kuna siku maneno hayo ni faraja ya kweli. Lakini kuna siku ni pazia. Tarehe 29 Aprili 2024, usiku, maji yaliyokuwa yamezibwa nyuma ya tuta la reli kule juu yalipasuka na kuishukia Mai Mahiu, si mbali na mbuga niliyowaeleza. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiwa vitandani mwao. Hawakuwa watalii. Hawakupuuza kiongozi. Hawakuwa na ukingo wa kusimama juu yake. Mbele ya msiba kama huo, tukisema ni mapenzi ya Mungu na kuketi, tunamsingizia Mungu kosa la njia ya maji iliyoziba na ya miteremko iliyovuliwa miti. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kinachopaswa kusikika pamoja. Mvua kubwa za ghafla zinazidi kadiri hewa ya dunia inavyopata joto, na anayezilipa kwanza ni yule anayeishi bondeni kwa sababu hana uwezo wa kununua kiwanja mlimani. Nasi tunazo njia za maji katika parokia hii. Tazameni mfereji ulio nyuma ya soko: chupa, mifuko, vifusi vya ujenzi. Katika mbuga zetu matumizi ya plastiki za kutupwa yamepigwa marufuku tangu Juni 2020, na vijana wetu walitii vizuri, hawakuacha hata karatasi. Je, jirani na nyumbani tuna haki ya kuacha tusichoacha kwa pundamilia?

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, nayo nitayapeleka katika kikao kijacho cha Baraza la Parokia. Kwanza, kila safari ya kundi lolote la parokia, liwe la Utoto Mtakatifu, la vijana, la akina mama au la kwaya, iwe na mtu mmoja aliyetajwa kabla ya kuondoka ambaye neno lake la kurudi halijadiliwi. Pili, pale tunapoongozwa na mwenyeji anayepajua mahali, akisema hapana, iwe hapana, na ujira wake ulipwe wote, ili asije akajaribiwa kuchagua kati ya chakula cha wanawe na uhai wa wana wetu. Tatu, fedha zilizokwisha kulipwa zisiwe na kura. Nne, wazazi waambiwe mapema kwamba huenda watoto wao wakarudi bila kuona walichokwenda kukiona. Tano, kabla ya mvua za masika kushika, jumuiya zetu ndogondogo zitoke Jumamosi moja tuufungue ule mfereji wa nyuma ya soko. Nitakuwepo na jembe langu.

Kwa vijana wangu niliowavunja moyo: wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mlinililia Jumamosi, nami nashukuru kwamba mlirudi nyumbani mkiwa bado mna machozi ya kulia. Msinifikirie kwamba naikataa imani yenu. Naitaka iwe kubwa zaidi, iwe imani inayoweza kutii sauti ya mtu mnyenyekevu. Dominika hii tunapandishwa mlimani pamoja na Petro, Yakobo na Yohane kumwona Bwana akigeuka sura. Wingu linawafunika, na kutoka katika wingu wanaagizwa neno moja tu: wamsikilize Mwana. Na Mwana huyo, katika Luka sura ya 12, aliwashangaa watu wanaojua kuona wingu likitokea magharibi na kutambua kwamba mvua inakuja, lakini hawatambui majira waliyopewa. Hakuwalaumu kwa kulisoma wingu. Aliwalaumu kwa kuishia hapo. Yule kijana wa Kimaasai alitusomea wingu. Sisi tumalize somo.

Tutarudi Ol Njorowa, Mungu akipenda, wakati wa kiangazi. Msalaba mlioutengeneza nimeuweka kanisani, kando ya kisima cha ubatizo, mahali ambapo maji yanaokoa. Ukae pale mpaka siku tutakaposhuka.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Nawatakia Kwaresima njema.

Paroko wenu.